Alama katika Saa: Majonzi ya Muuguzi katika Riwaya ya Emma Donoghue

Riwaya ya Emma Donoghue, The Pull of the Stars, ilitoka mwaka wa 2020, miezi michache baada ya korona kuenea duniani, na wasomaji wengi wakaipokea kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya maradhi hayo. Sivyo. Mwandishi alianza kuiandika mwaka wa 2018, na habari zake ni za homa ya mafua iliyoukumba mji wa Dublin mwaka wa 1918. Msimulizi ni Julia Power, muuguzi wa wajawazito waliopatwa na homa hiyo. Masimulizi yote ni ya siku tatu tu.

Mhakiki atakayetafuta humu kilio cha muuguzi hatakipata. Julia hupima joto, hubadilisha mashuka, huzalisha. Na kila mgonjwa wake anapofariki, hukwaruza alama katika saa yake ya fedha. Hapo ndipo ulipo umahiri wa Donoghue. Saa ni chombo cha kazi, cha kuhesabia mapigo ya moyo. Sasa imekuwa pia daftari la wafu, tena daftari la siri. Kiswahili kingemfahamu upesi mhusika huyu. Neno kuuguza limetokana na kuugua, na kuugua si kuwa mgonjwa tu, bali pia ni kutoa sauti ya maumivu. Julia anauguza bila ya kuugua.

Nyumbani anaishi na nduguye, Tim, aliyerudi kutoka vitani akiwa bubu. Ububu wa Tim una jina: ni jeraha la vita. Kimya cha dada yake huitwa bidii ya kazi. Ulinganisho huu ni mzito kuliko yote yaliyomo kitabuni, na inasikitisha kwamba mwandishi hakuuchimba zaidi. Badala yake anakimbilia mapenzi ya Julia na msaidizi wake, Bridie Sweeney. Bridie anakufa kwa homa ile ile, na Julia anaondoka hospitalini na mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake, aende akamlee. Yanagusa moyo mambo hayo, lakini yamekuja kwa pupa. Mtoto wa siku mbili amebebeshwa kazi ya kumponya mtu mzima, na zile alama zilizokwaruzwa moja moja zimeachwa hivi hivi.

Wauguzi waliohudumu katika wodi za korona mwaka wa 2020 na 2021 watazitambua kurasa za wodini. Hizo za mwisho huenda wakazitilia shaka.