Ilibaki Silabi Moja

Mwalimu wa Darasa la Tatu hakupaswa kukichukua kile kitabu. Nalisema mwanzoni ili tusizungushane, maana tangu Siku ya Wazazi nimesikia watu mtaani wakisema darasa lile lilifanya vizuri na kwamba kilichotokea kwenye kusoma ni jambo dogo. Darasa lilifanya vizuri kweli. Jambo lenyewe halikuwa dogo, na karibu safu yote ya leo ni yake.

Shule siitaji, mlikuwepo. Mnakumbuka ratiba ilivyokuwa ikikimbizwa kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Darasa la Tatu walimaliza hesabu za kichwa, wakaingia kwenye kusoma kwa sauti. Wasomaji wawili wa kwanza walisoma aya zilizoandikwa ubaoni, na mliokaa mbele mliwaona wenzao walioketi wakichezesha midomo sambamba na msomaji, kwa kuwa darasa zima lilikuwa limezikariri. Hapo Afisa Elimu Kata akafanya jambo la maana kuliko yote ya siku ile: akaomba mtoto yeyote asome ukurasa ambao haujafanyiwa mazoezi. Kitabu cha kiada kikafunguliwa katikati, akasimamishwa binti wa dawati la nyuma.

Ilikuwa habari ya mafuriko. Sentensi ya kwanza aliisoma polepole bila kosa, na kwenye nukta akashusha sauti, jambo ambalo wale wawili wa ubaoni hawakulifanya hata mara moja. Katika sentensi ya pili akakutana na neno "yaliyosababishwa". Akasoma ya-li-yo. Akaendelea sa-ba-bi. Akanyamaza. Kidole kikarudi mwanzo wa neno, midomo ikaanza upya bila sauti. Mwalimu akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akasema "Mwingine", akampa kiranja. Kiranja akasoma ukurasa mzima kwa pumzi moja, ukumbi ukalipuka makofi.

Tuanze na mtoto alipokuwa amefika. Kusoma kwa Kiswahili kunajengwa kwa silabi: irabu kwanza, kisha silabi sahili kama ba, be, bi, halafu silabi changamano kama mba, nda, ngwa na shwa. Hii ya mwisho ni katika zile ngumu. Ina herufi nne, na mbili za kwanza ni sauti moja tu, kisha inafuata w, ndipo irabu. Neno lenyewe lina silabi saba na binti alikuwa ameshatamka sita. Kumpokonya kitabu hapo ni sawa na kumnyang'anya mtu kamba wakati ndoo imeshafika mdomoni mwa kisima.

Angalieni pia alichokataa kukifanya. Angeweza kusema "yaliyosababisha" akapita zake, na nusu ya ukumbi isingegundua. Watoto wengi wenye sifa ya kusoma haraka hufanya hivyo kila siku: wanasoma mwanzo wa neno na kubuni mwisho. Lakini mafuriko yaliyosababishwa na kitu si mafuriko yaliyosababisha kitu. Maana imegeuka, na aliyebuni hajui kwamba imegeuka. Binti huyu aliona kuna kitu mwishoni mwa neno ambacho bado hajakishika, akarudi kukitafuta. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini anaijua dalili hiyo. Mtoto aliyekwama kabisa huinua macho, akamtazama mwalimu au akatazama dirishani. Huyu macho yake hayakutoka kwenye ukurasa. Alikuwa kazini.

Sasa mwalimu. Alikuwa na njia zaidi ya moja, zote nyepesi na zote zinajulikana. Angeweza kunyamaza tu. Angeweza kufunika neno kwa kidole na kulifunua silabi moja moja. Angeweza kumwambia aanze sentensi tangu mwanzo, maana mara nyingi mwendo wa sentensi yenyewe ndio unaomvusha msomaji kwenye neno gumu. Na kama yote yangeshindikana, nyuma yake ukutani palining'inia mikoba ya silabi iliyotengenezwa kwa makasha ya karatasi, kazi nzuri ya mikono ya mwalimu huyohuyo, na kadi ya shwa ilikuwamo. Zana ya kufundishia imekaa hatua mbili kutoka kwa mtoto anayeihitaji, na haikuguswa.

Kunyamaza ndiko ningekuchagua mimi, na si kwa hisia tu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi, akakuta kwamba kwa kawaida mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu zaidi, na wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu. Hakuna ratiba ya mgeni rasmi inayoshindwa kuzimeza.

Utetezi nimeusikia: mwalimu alitaka kumwepusha mtoto na aibu mbele ya watu. Siukubali. Kabla ya mkono ule kunyooshwa ukumbi ulikuwa umetulia, wazazi wanamsubiri, na hapakuwa na mtu aliyecheka. Neno "Mwingine" ndilo lililowaambia watoto wote zaidi ya 80 wa darasa lile kwamba kunyamaza ili ufikiri ni kushindwa. Matokeo yakaonekana papo hapo. Msomaji aliyefuata baada ya kiranja aliulizwa achague, akachagua aya ya ubaoni. Aliyemfuata naye ubaoni. Dirisha alilolifungua Afisa Elimu Kata likafungwa, na hatukujua tena darasa lile linasoma kwa kiwango gani.

Na huyo kiranja aliyepigiwa makofi? Ana sauti, ana kasi, kipaji anacho. Lakini alizipita koma zote kama hazipo, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja la ufahamu. Mvua ilinyesha wapi? Nani alihamishwa? Kusoma bila kuulizwa ulichokisoma ni zoezi la koo. Hapa mwalimu alikosea mara ya pili, ingawa kosa hili analishiriki na shule nyingi.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua ninakoelekea, na sioni sababu ya kuacha kusema. Tabia ya kupenda jibu la haraka kuliko njia ya kulifikia tumeilea wenyewe. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa kompyuta, watoto wakawa wanasiliba herufi hata kwenye Hisabati, somo ambalo thamani yake yote iko kwenye kuonyesha njia. Baadaye maswali ya kuonyesha njia yalirudishwa, na nilishukuru. Lakini mazoea yalishashuka hadi madarasa ya chini. Mtoto wa darasa la tatu anafundishwa kuwahi.

Mwaka 2015 serikali ilifanya jambo jema: mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo, nguvu ikawekwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. KKK ni msingi, na nimeiunga mkono tangu siku ya kwanza. Kinachoharibu kazi hiyo ni jinsi walimu wakuu wanavyopanga watu wao. Mwalimu hodari anapelekwa darasa la saba kwa sababu kuna mtihani wa taifa. Mgeni aliyeripoti juzi, au yule anayesubiri kustaafu, anapewa darasa la kwanza. Halafu mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, watoto wakaja kwa wingi, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 ukabaki kwenye nyaraka. Darasa la watoto zaidi ya 80 linahitaji fundi, si mwanagenzi. Mwalimu wetu huyu ni kijana, ana bidii, na nina hakika hajawahi kukaliwa darasani na mkongwe akaambiwa: hapo ungesubiri.

Wakongwe hao walikuwepo. Kizazi changu kilisoma kwa vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu, na kila habari ilifuatwa na maswali, na hukuruhusiwa kufungua ukurasa mpya kabla hujayajibu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa mmoja wa wale walioitwa kwa dharau walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Watu wanawabeza mpaka leo. Mimi nasema hivi: yule mwalimu ukikwama kwenye neno alikuwa anaweka mikono nyuma na kukutazama kwa utulivu mpaka ulivuke, na darasa zima lilijua kwamba kukuwahi ni kosa la nidhamu. Hakuwa na shahada. Alikuwa na subira iliyofundishwa.

Tena subira hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikuwa karibu asilimia 67. Ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima, wakulima wakakaa chini ya miembe jioni baada ya shamba, na kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwaweka karibu asilimia 10. Bibi wa miaka 60 alikuwa anaisogeza silabi kwa ncha ya kijiti, na mwalimu wake, mara nyingi kijana wa umri wa mjukuu wake, alisubiri. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya bibi kitabu akampa jirani yake.

Mengine ya siku ile yanatosha mstari kila moja. Hesabu za kichwa zilikuwa safi, hasa jedwali la saba na la nane lililoulizwa kwa kurukaruka. Bustani ya mchicha wameitunza kwa zamu bila kukosa, na mauzo yake yamenunua chaki na ndoo mbili za kunawia. Chati ya mahudhurio ilibandikwa mlangoni kila mzazi aione, na imefanya kazi, utoro umepungua. Imla ya daftari nilizopitia imesahihishwa kwa uangalifu. Hongera zao.

Ngonjera sitaipitisha hivihivi. Mathias Mnyampala alipoieneza alitaka watu wawili au zaidi wabishane kwa mashairi: huyu ashike upande wake, yule ampinge, hoja zigongane mpaka ukweli utokee. Tulichosikia ni watoto ishirini wakimsifu mgeni rasmi kwa sauti moja, upande mmoja, bila mpinzani. Kile ni kikundi cha sifa, kiitwe hivyo. Darasa hilohilo lina watoto wanaobishana vizuri sana wakati wa mapumziko kuhusu nani alimwagilia bustani na nani hakumwagilia. Ngonjera ilikuwa pale, ikasubiri kuandikwa.

Na lile bango la "Kumi Bora" ukutani liondolewe. Tangu matokeo ya mitihani ya 2022 Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza wanafunzi na shule bora kitaifa, halafu shule ya msingi inawapanga watoto wa miaka tisa kwa namba na picha. Kiranja ni namba moja kwenye bango. Sidhani kitabu kilikwenda kwake kwa bahati. Mwalimu alipobanwa na muda, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwa yule ambaye ukuta umeshamtangaza, na hilo ndilo bango kama hilo linamfanyia mwalimu: linamchagulia msomaji kabla hajafikiri.

Kamati ya shule inakutana kabla ya shule kufunguliwa Januari, na wazazi tuna viti humo. Naomba mambo matatu yaingie kwenye ajenda. Siku ya Wazazi ijayo wasomaji wachaguliwe kwa kuchomoa majina kwenye rejista mbele yetu, kila mmoja apewe ukurasa mgeni, na kila aliyesoma aulizwe swali. Mwalimu mwenye uzoefu kuliko wote shuleni apangwe darasa la kwanza au la pili, na mwalimu huyu kijana apewe nafasi ya kukaa naye darasani. Na mgeni rasmi akichelewa, zikatwe hotuba, kusoma kusiguswe. Mzazi mwenye mtoto darasa la tatu usingoje kikao: leo jioni mpe ukurasa asioukariri, akinyamaza, nawe nyamaza.