Ngazi Iliyovunjwa: Fani na Uhalisi katika Mipango ya Kunusurika na Mazombi

Katika The Zombie Survival Guide, kitabu alichokichapisha Max Brooks mwaka 2003, kuna agizo ninalolirudia kuliko mengine yote. Mwenye nyumba ya ghorofa anaambiwa apande juu, kisha aivunje ngazi. Hoja yake ni ya jasho: kuziba kila mlango na kila dirisha la chini kunakula muda na nguvu kuliko kubomoa ngazi moja, na zombi wa Brooks, asiyejua kuparamia, atabaki chini akipapasa hewa. Papo hapo linafuata katazo. Ngazi isichomwe moto, maana wamekuwapo waliotaka kuokoa muda kwa njia hiyo, wakateketea wao na nyumba zao.

Tukae kidogo na katazo hilo. Agizo lilikuwa katika hali ya kuamuru, likimsemesha msomaji ana kwa ana. Katazo linahamia katika wakati uliopita na kutuletea marehemu wasio na majina, waliokosea kama anavyokosea mtu yeyote mwenye haraka. Kilichowaua ni kiberiti chao wenyewe. Msomaji aliyewahi kuona nyumba ikiungua hahitaji kuamini kuwapo kwa mazombi ili aiamini sentensi ile, na akishaiamini, ameshaingia ndani ya mpango bila kutambua ameingilia mlango gani.

Hapa ndipo ninapopata kipimo cha kuhukumia uhalisi wa matini za namna hii. Kila mpango wa kunusurika na mazombi huanza kwa kukopa jambo moja lisilowezekana, yaani maiti inayotembea. Mkopo huo naomba niuite dhana-karadha. Msomaji mwenye insafu huutoa bila riba. Baada ya hapo mtunzi hana ruhusa ya kukopa tena: maji sharti yawe na uzito, nyundo iwe na kelele, njaa ije kwa saa zake. Anayeukosoa mpango kwa kusema kwamba wafu hawafufuki anamdai mtunzi deni alilokwisha kusamehewa; cha kumwuliza ni kama ameyalipa yale mengine.

Brooks hulipa, na malipo yake makubwa ni ya wakati. Zombi wake huoza, na maisha yake, kama neno hilo linafaa, hukadiriwa kuwa miaka 3 hadi 5. Takwimu hiyo ndogo inaupa mpango mzima umbo, kwa sababu kujificha sasa ni kungoja, na kungoja kuna mwisho wake. Linganisha na makala ya kihisabati ya mwaka 2009 ya Philip Munz na wenzake watatu nchini Kanada, ambamo watu wamegawanywa katika makundi ya wanaoweza kuambukizwa, mazombi na walioondoka, na hao walioondoka waweza kurudi wakiwa mazombi. Mshale huo mmoja wa kurudi unaimeza kila subira. Ndiyo maana makala yale yanafikia uamuzi kwamba ni mashambulizi ya mapema na makali tu yawezayo kuiokoa jamii. Mipango hiyo miwili haipatani, na bado yote miwili ni aminifu, kwani kila mmoja umeifuata saa uliyojipangia.

Sehemu ya mwisho ya kitabu cha Brooks, orodha ya mashambulizi yanayodaiwa kutokea, inaanzia Katanda, kwenye Semliki ya juu, mashariki mwa Kongo, mwaka 60,000 kabla ya Kristo, katika pango lenye mafuvu yaliyopondwa. Katanda ni mahali pa kweli. Ndipo wanaakiolojia walipochimbua ncha za mifupa zenye miiba, vyusa vya kuvulia kambare, vinavyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi. Uteuzi wa jina hilo ni wa kisanii sana, kwa kuwa unaiegemeza hekaya kwenye udongo uliokwisha kuchimbwa. Lakini hapa naona hasara. Katanda ya kweli inamhifadhi mtu aliyekaa akachonga mwiba baada ya mwiba kwenye mfupa ili samaki wa msimu asimponyoke, na orodha inampita, inakimbilia mafuvu. Kitabu kizima kinafundisha kunusurika kwa zana na subira, na kimepita kando ya chusa cha kale kiasi kile bila kukiokota.

Waraka wa Kamandi ya Mikakati ya Jeshi la Marekani, CONPLAN 8888, wa tarehe 30 Aprili 2011, ni kiumbe kingine. Ulitokana na mafunzo ya maofisa, na mwanzoni kabisa unatamka kwamba haukukusudiwa kuwa mzaha. Adui wa kubuni alichaguliwa ili asiwepo mtu wa kuudhani kuwa mpango halisi dhidi ya nchi fulani. Ukipimwa kwa dhana-karadha, una madeni mengi mno: mazombi wa vimelea, wa mionzi, wa uchawi, wa angani, hata wala majani. Kinachouokoa ni sajili ya kijeshi, yenye awamu sita kuanzia 0 hadi 5, isiyompendelea zombi yeyote. Kisha, katikati ya uainishaji huo, wanatokea kuku: matetea wazee wasiotaga tena, wanaouawa kwa hewa ya kaboni monoksidi na kufukiwa, ambao baadhi yao huparua udongo hadi wakatoka juu. Waraka unasema hilo ndilo kundi pekee lililothibitika kuwapo. Naihesabu aya hiyo kuwa bora kuliko zote, maana humo hakuna kilichokopwa.

Mwezi mmoja baada ya tarehe hiyo haukuisha kabla CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, haijatoa maelezo yake ya kujiandaa na mazombi, yaliyoandikwa na Ali Khan. Fani yake ni orodha ya vitu vya nyumbani, na zombi anafifia humo kitu baada ya kitu: maji, chakula, dawa, redio ya betri, sabuni, nyaraka. Maji ni galoni 1 kwa mtu kwa siku. Kwa kaya ya watu watano hizo ni lita 19, dumu la njano karibu lijae, kila kukicha. Nimewahi kukaa ghorofa ya nne pampu ilipokufa wiki mbili, na najua mpini wa dumu unavyokata vidole ufikapo kidato cha thelathini, na maji yanavyochezacheza humo ndani yakakuyumbisha kila ukikata kona.

Tangu hapo simsomi Brooks akivunja ngazi bila kuuliza maji yatapandishwa na nani. Nafsi ya pili ya agizo lile ina magoti mazima. Wiki zile mbili, bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa akiteremsha ndoo kwa kamba kupitia dirishani, na kijana wa chini akimjazia nusu, kwa sababu ikijaa ilimshinda kuivuta.