Gesi ya Friji Haiishi kwa Kutumika

Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani kwamba friji ikipungua ubaridi, mwenyewe humwita fundi na kumtaka aongeze gesi. Naye fundi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa, huongeza, akapokea ujira wake, akaenda zake, na baada ya miezi michache akaitwa tena kwa jambo lile lile. Ada hii imesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba gesi hutumika ikaisha kama yaishavyo mafuta ya taa katika kandili. Ilhali gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba, ikageuka kimiminika kwenye kondensa na kurudi mvuke kwenye evapareta, mwaka baada ya mwaka, bila kupungua, maadamu mabomba ni mazima. Ikipungua, basi imevuja, na palipovujia hapana budi kutafutwa.

Natuitazame friji moja ya mwuza samaki wa Dar es Salaam, itumiayo gesi ya R-134a, niliyoishuhudia ikitengenezwa na fundi mwenye idili. Kabla hajaunga geji, aliyakagua mabomba kwa kurunzi, akaona karibu na chujio doa la mafuta lililoshika vumbi. Kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na aghalabu gesi itokapo, nayo hutoka. Walakini hakuridhika na dalili ile peke yake. Aliivuta gesi iliyosalia akaihifadhi mtungini, akalehemu upya, akabadili chujio, kisha akaingiza naitrojeni kavu, kupitia regyuleta, mpaka geji ikasoma pauni 150 kwa inchi ya mraba. Hadhari hapa ni kubwa: oksijeni haifai kabisa kwa kazi hii, kwa maana ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo huweza kulipuka na kuua, na hewa ya kawaida huingia pamoja na unyevu wake.

Ndipo alipopaka povu la sabuni kila kiungo. Tundu kubwa hujifichua mara moja, lakini tundu dogo huotesha vipovu vyeupe polepole kando ya lehemu, na jicho lenye pupa huvipita. Kwa hiyo fundi yule alisubiri kiungo baada ya kiungo, kisha akaiacha naitrojeni ndani usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuihukumu geji, aliuliza habari za joto, kwani joto likishuka nyuzi 5, shinikizo la kadiri ile hupungua kama pauni 3 pasipo tundu lolote.

Baada ya hapo ikaja kazi ya vakyumu, ambayo wengi huiruka kwa kupuliza gesi kidogo mabombani ili isukume hewa nje. Mimi naiona njia hiyo kuwa dhuluma mara mbili, kwa mwenye friji na kwa mbingu, kwa sababu gesi ile hupotea bure na unyevu husalia. Hewa iliyobaki haigeuki kimiminika katika kondensa, bali huzidisha shinikizo na kuichosha kompresa. Na maji huganda mwishoni mwa bomba jembamba la kapilari, friji ikapoza na kuacha kwa zamu, au yakachanganyika na mafuta na joto yakazaa tindikali iharibuyo mota. Pampu haiyafyonzi maji yale yakiwa maji; huyafanya yachemke. Kwa joto la nyuzi 30, maji huchemka shinikizo likishuka hadi milimita 32 za zebaki, kutoka zile 760 za hewa ya kawaida. Nao mafundi hushuka zaidi sana, hadi mikroni 500, yaani nusu milimita, kipimo kisichosomeka kwa geji za kawaida. Alipofunga vali na kuzima pampu, kipimo kilipanda, kisha kikatulia: ishara ya unyevu, kwani lau lingekuwa tundu kingeendelea kupanda. Akavunja vakyumu kwa naitrojeni, akavuta upya.

Taabu yote hiyo ina sababu iliyo nje ya jikoni. R-12 ya zamani ilibeba klorini iliyokula tabaka la ozoni, ndiyo maana Mapatano ya Montreal ya 1987 yakaianzishia njia ya kuondolewa. R-134a iliyoshika nafasi yake haiigusi ozoni, lakini kwa muda wa miaka 100 hushika joto takriban mara 1,430 zaidi ya kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Hivyo gramu 150 zikivuja ni sawa na kama kilo 214 za kaboni dioksaidi. Kwa ajili hiyo mataifa yalikutana Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo, na nchi nyingi zinazoendelea, zikiwamo zetu, zikapangiwa kupunguza asilimia 80 kufikia 2045.

Friji mpya nyingi sasa huja na R-600a, ambayo madhara yake kwa joto la dunia ni hafifu mno, lakini huwaka moto. Fundi aliyezoea kuwasha gesi ya kulehemu huku bomba lingali na mabaki sharti aiache desturi hiyo, na aijaze friji kwa mizani wala si kwa kukisia kwenye geji, maana friji nzima ya nyumbani aghalabu hubeba makumi machache ya gramu tu, na gramu kumi zikizidi au zikipungua huonekana katika ubaridi wake.