Hongera, kamati za Concord

Wabunge wa jimbo la New Hampshire, Marekani, wanaokutana mji mkuu wa jimbo, Concord, wanastahili pongezi. Baraza lao la Wawakilishi lina viti 400, na mshahara ni dola 100 kwa mwaka. Kwa hela hiyo, anayekwenda kamatini hakufuata utajiri. Ila kazi ipo. Kila muswada husikilizwa hadharani, kisha hurudi ukumbini na pendekezo la kamati, upite au ukataliwe. Mwenyekiti hawezi kuukalia hadi ufe kimya kimya. Kamati ya Fedha hujigawa makundi matatu na kuipekua bajeti ya miaka miwili idara kwa idara, wakuu wakihojiwa. Vikao huchosha, sikatai. Lakini mwananchi wa kawaida naye huvuta kiti, akasema yake mbele ya wabunge hao hao.