Mafundi wa Setilaiti ya Uhuru

Wapenda anga wa Mbulu na Katesh wamejaaliwa. Usiku wa kipupwe, mawingu yakishaondoka Mlima Hanang, huona setilaiti ikikatiza mbinguni kimya kimya bila kumetameta. Watoto huinyooshea kidole, na wakubwa husimama. Mimi nikiiona huwawaza waliokaza skrubu zake.

Kazi ya kuandaa na kurusha setilaiti imewahi kufanyika kwa jirani, Kenya. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Kati ya 1967 na 1988, roketi 9 za Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake.

Scout ilikuwa na hatua nne, zote zikitumia fueli ngumu. Fueli hiyo ikishawaka haizimiki, kwa hiyo kosa lolote lilipaswa kuonekana mapema. Roketi iliunganishwa ikiwa imelazwa ndani ya banda refu jukwaani, imekingwa na jua na chumvi ya bahari, kisha ikainuliwa wima.

Ninachokistahi zaidi ni kusawazisha uzito. Hatua ya nne haikuwa na usukani. Ilizungushwa kwa kasi kama pia ili isiyumbe. Basi mafundi walianza kuizungusha ikiwa bado ardhini, juu ya mashine inayopima mtikisiko. Walisoma kipimo, wakabandika kipande kidogo cha chuma upande uliopungua, wakaizungusha tena, wakasoma tena. Hakuna aliyepiga makofi, na kazi haikuisha mpaka mtikisiko uishe.

Uhuru, yenye kilo 140 hivi, ilizunguka dunia kwa takriban dakika 96, juu kiasi cha kilomita 540, bila kwenda mbali na ikweta zaidi ya nyuzi 3. Maana yake ilipita kaskazini ya Mbulu, mara nyingi kila siku. Ilibaini vyanzo 339 vya eksirei angani, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwapa wanasayansi sababu nzito ya kuamini kuwa mashimo meusi yapo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilisubiriwa kwa hamu. Urushaji uliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, kabla ya kufanikiwa California tarehe 15 Aprili, kwa saa za Kenya. Kuahirisha kule kulinivutia kama moto wenyewe wa roketi. Ningependa matangazo ya urushaji wa namna hiyo yaanze wiki kadhaa kabla, tuione setilaiti ikiwa bado juu ya mashine ya kupima mtikisiko, fundi ameinama akisoma kipimo.