Darjeeling kwa Bei ya Kiti

Darjeeling ni mji wa milimani katika jimbo la West Bengal, India, uliojengwa juu ya mgongo wa mlima kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Kaskazini yake huonekana Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani wenye mita 8,586, ambao hadi katikati ya karne ya 19 ulidhaniwa kuwa mrefu kuliko yote. Waingereza waliukuza mji huu wakikimbia joto la Kolkata, na hoteli za kifahari walizoacha bado zipo. Hata hivyo, ni miongoni mwa miji ya Himalaya inayotembeleka kwa fedha kidogo, hasa kwa marafiki wanaokwenda pamoja. Sababu ni namna bei zinavyopangwa. Gari hukodishwa zima na chumba hulipiwa kizima, kwa hiyo kundi lenye idadi inayofaa hulipa kidogo kila mtu, na lililokosea idadi hulipia nafasi tupu.

Hesabu hiyo huanzia Kolkata. Treni za usiku huondoka stesheni ya Sealdah na kufika New Jalpaiguri, chini ya milima, asubuhi yake. Daraja la vitanda lisilo na kiyoyozi ndilo la wenye bajeti ndogo, na kila sehemu ya behewa ina vitanda vinane: sita vinavyotazamana na viwili kando ya ujia. Watu wanane hujaza sehemu nzima, wakalala bila hofu ya mizigo, na usiku huo hauna gharama ya gesti. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na kwenye misimu ya sikukuu huisha haraka.

Kutoka New Jalpaiguri au stendi ya Siliguri hadi Darjeeling ni mwendo wa saa tatu hivi. Usafiri wa wenyeji ni magari ya Sumo, yenye injini ya dizeli na keria juu ya paa. Hayana ratiba, hungoja kujaa, kama Noah za mikoani Tanzania. Gari moja hubeba abiria kumi: wawili mbele pamoja na dereva, wanne katikati, wanne nyuma. Viti vya mbele hugombaniwa kwa sababu miguu hupata pa kunyooka na bonde huonekana lote. Safu ya nyuma hupokea kila shimo la barabara, na kwenye kona za kupanda kuelekea Kurseong, anayepatwa na kichefuchefu garini atajuta kukaa huko.

Wapiga debe humfuata mgeni mwenye begi na kumtajia bei ya kukodi gari zima. Bei hiyo hukaribia jumla ya viti vyote, na mara nyingi huizidi. Marafiki wanne wakiikubali, wanalipia viti sita ambavyo hakuna anayevikalia. Wakienda kwenye kibanda cha tiketi na kukata safu ya katikati, wanapata viti vinne vilivyoshikana kwa chini ya nusu ya fedha ile, na wanachodaiwa ni kungoja abiria wengine tu. Asubuhi kungoja huko si kwingi. Kundi la watu wanane hadi kumi lina kila sababu ya kukodi: kwa nyongeza ndogo linaondoka saa linayotaka na kusimama Kurseong kunywa chai. Kwenye ziara za mjini hutumika pia teksi ndogo za abiria wanne. Hapo ndipo watu watano au sita wanapopata shida, maana hawaenei kwenye teksi moja na gari kubwa hawalijazi. Wanne au wanane ndiyo idadi inayolipa.

Reli nyembamba ya Darjeeling inataka uamuzi wa aina nyingine, kwa kuwa nauli yake haigawanyiki. Ilijengwa kati ya 1879 na 1881, na tangu 1999 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nafasi kati ya pau zake mbili za chuma ni milimita 610 tu. Wajenzi hawakutoboa handaki hata moja. Walifuata barabara ya mikokoteni iliyokuwapo, na pale mlima uliposimama wima mno walitumia mbinu mbili. Moja ni kitanzi, ambapo reli huzunguka na kupita juu yake yenyewe. Nyingine ni zigizaga: treni husonga mbele, husimama, hubadilishiwa njia, hupanda kinyumenyume, kisha husonga mbele tena ikiwa juu zaidi. Kwa njia hiyo inatoka mita 100 hivi pale New Jalpaiguri hadi mita 2,258 pale Ghum, stesheni iliyo juu kuliko zote India, halafu inashuka kidogo kuingia Darjeeling.

Safari nzima ya kilomita 88 hula saa saba au zaidi, na mwenye siku chache aiache. Wageni wengi huchukua safari fupi ya Ghum na kurudi, ya saa mbili hivi, ambayo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni takriban rupia 1,000 kwa treni ya dizeli na 1,500 kwa ile ya mvuke. Dizeli haifai fedha hiyo. Mvuke unafaa, kwa sababu vichwa vya aina ya B, muundo ulioanza kutumika 1889, bado vinafanya kazi mbele ya macho ya abiria: mmoja huvunja makaa ya mawe kwa nyundo, na mbele kabisa, juu ya bampa, hukaa watu wakimwaga mchanga kwa mkono juu ya reli yenye unyevu ili magurudumu yasiteleze. Asiyeweza kulipa ataona sehemu kubwa ya kazi hiyo bure, akisimama barabarani karibu na karakana iliyo jirani na stesheni ya Darjeeling. Treni hupita kando ya milango ya maduka, na hakuna ukuta wa kumzuia mtu kuitazama.

Tiger Hill, kilima cha mita 2,590 kilicho kilomita 11 kutoka mjini, ndiyo ziara inayouzwa kuliko zote. Magari huondoka kwenye saa kumi alfajiri ili watu wawahi jua likigusa theluji ya Kangchenjunga. Anga ikiwa safi kabisa, ncha ya Everest nayo huonekana kwa mbali. Bei ni ya gari zima na kwa kawaida hujumuisha kusimama kwenye monasteri ya Ghum na kitanzi cha Batasia wakati wa kurudi. Njia bora kwa wenye miguu imara ni kukodi gari la kwenda tu, kisha kushuka kwa miguu. Msongamano wa magari kileleni baada ya jua kuchomoza hukera, na anayetembea huuacha nyuma mapema. Ghum ina monasteri ya Yiga Choeling ya mwaka 1850, yenye sanamu ya Buddha Maitreya ya mita 4.6, na Batasia ina mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi Wagurkha.

Usiku ukiwa na mawingu, gari la alfajiri ni fedha ya kutupa. Njia inayozunguka Observatory Hill, kutoka uwanja wa Chowrasta na kurudi hapohapo, ni mwendo usiofika saa moja, haina kiingilio, na kaskazini yake mlima huonekana ule ule. Juu ya kilima hicho kuna hekalu la Mahakal, ambamo Wahindu na Wabudha huabudu mahali pamoja.

Kwa tiketi moja mgeni huingia katika bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu, inayozalisha chui wa theluji na panda wekundu, na Taasisi ya Kupanda Milima ya Himalaya iliyo ndani ya eneo hilohilo. Taasisi hiyo ilianzishwa 1954, mwaka mmoja baada ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kufika kilele cha Everest, na Tenzing ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza wa mafunzo ya mlimani. Makumbusho yake yanastahili nusu siku. Alhamisi hufungwa, jambo linaloharibu ratiba za wengi.

Shamba la chai la Happy Valley, lililoanzishwa 1854, linafikika kwa miguu. Majani mengi ya Kericho au Mufindi hukatwakatwa kwa mashine ili chai itoke nyeusi na nzito. Hapa majani hunyaushwa, husokotwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa yakiwa karibu mazima, na chai yake hunywewa bila maziwa. Katikati ya majira ya baridi hakuna uchumaji, na kiwanda huwa kimya.

Gesti za bei nafuu ziko juu ya kilima, mbali na barabara kuu. Kadiri ngazi zinavyoongezeka ndivyo bei inavyoshuka. Maji ni haba mjini, na mengi huletwa kwa malori, kwa hiyo kabla ya kulipa chumba ni lazima kuuliza kama ndoo ya maji moto imo katika bei. Chakula si tatizo. Momo, vibumba vya unga vyenye nyama au kabichi vilivyopikwa kwa mvuke, huuzwa kwa sahani, na pamoja na bakuli la thukpa, supu ya tambi, hushibisha kwa fedha kidogo katika vijihoteli vya Kitibeti.

Mei na sikukuu za Durga Puja, Septemba au Oktoba, hupandisha bei za vyumba, na Juni hadi Septemba mvua huficha milima. Migomo ya kisiasa nayo huweza kufunga barabara. Ule wa 2017 ulidumu siku 104, kwa hiyo siku moja ya akiba kabla ya ndege ni lazima. Wakati bora kwa kundi la watu wanne ni Novemba baada ya sikukuu hadi mwanzo wa Desemba, wakiwa na makoti mazito. Magari ya kushuka Siliguri hupungua sana alasiri, na treni za Kolkata huondoka jioni: safu ya katikati ikatwe asubuhi.