Mati, Satini na Vumbi la Kishapu

Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, hapa hapa Kishapu, ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Ilipokwisha kukatwa na kusuguliwa zilibaki karati 23.6, ikawa pambo la kifuani la Malkia Elizabeth wa Uingereza. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda ili lililobaki liwake. Anayetaka gari la mati, yaani lisilong'aa, anataka kinyume chake: analipia uso usiosuguliwa.

Siri haiko kwenye rangi, iko kwenye kliya inayopigwa juu yake. Kliya ya mati ina unga laini wa silika. Thina ikiruka, tabaka husinyaa na kuacha vilima ambavyo jicho halivioni, na mwanga ukivigonga hutawanyika. Mafundi wa viwandani huupima mng'ao kwa pembe ya nyuzi 60: kliya ya kawaida hupita vizio 80 vya mng'ao, satini huangukia kama 20 hadi 40, mati chini ya hapo.

Sasa twende gereji. Fundi anayepigia rangi chini ya mwarobaini, kiangazi, upepo ukivuma, lazima vumbi litue kwenye kliya mbichi. Kwa rangi ya kung'aa si neno. Kliya ikikauka anapitisha msasa wa maji namba 2000, anamalizia na polishi, na mwenye gari hajui kitu. Kwa mati hana dawa. Msasa na polishi hulaza vile vilima, panabaki doa linalong'aa kama kiwiko cha koti kuukuu. Punje moja ya vumbi, boneti nzima inarudiwa.

Tena silika hutuama chini ya kopo. Isipokorogwa vizuri, milango miwili ya gari moja hutoka kama ya magari mawili. Na jua la saa nane hukausha kliya kabla mkono wa fundi haujarudi, mistari ikabaki. Kazi hii ni ya alfajiri, kwa thina inayokauka taratibu, ndani ya banda lililofungwa na sakafu iliyomwagiwa maji. Fundi wako hana banda? Basi mazungumzo ya mati yameishia hapo.

Satini nayo haipigwi polishi, ila uso wake huoshwa kwa urahisi zaidi na alama ya kusuguliwa haipigi kelele sana. Hiyo ningemruhusu mwenye gari la kutembelea. Linaloshinda kati ya Mhunze na Maganzo likitafuta riziki, liache ling'ae. Kijana wa kuosha atalifuta kwa tambara kavu hata umkataze.

Moyo ukikataa kabisa, bandika stika ya mati: ikiharibika unabandua, rangi ya chini iko salama. Ila kadi ya gari inataja rangi. Ukitoka nyeupe kwenda nyeusi, pitia TRA kabla hujakutana na trafiki.